Ubatizo Kabla ya Giza

Kwa miaka kumi na tisa Ayuma alikuwa mwanafunzi wa ubatizo katika kigango kimoja karibu na Mautuma, na kwa miaka hiyo yote hakubatizwa. Si kwamba kichwa chake kilikuwa kizito. Kitabu cha maswali na majibu alikijua chote, hata Mwalimu Sifuna, katekista wa kigango, akisahau jibu alikuwa akikohoa kidogo na kumtupia jicho, naye Ayuma akimalizia kwa sauti ya chini. Watoto aliowafundisha kupiga ishara ya msalaba mwaka ule alipoanza walikuwa wameshaoana na kuleta watoto wao nao wafundishwe. Kila Pasaka padre alikuja kutoka parokiani, akawamwagia wengine maji, na Ayuma akawashikia taulo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kila mtu alikijua. Ayuma alikuwa mke wa pili. Mumewe, mzee Osiako, alifunga ndoa kanisani na Navalayo huko Butere, kabla hawajahamia Lugari kulima mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Miaka kumi na miwili baadaye akamwoa Ayuma kwa ng'ombe, bila padre. Kanisa lilimtambua Navalayo peke yake. Osiako likamzuia kukomunika, jambo ambalo halikumkosesha usingizi hata siku moja, maana alipanga kutubu akiwa kitandani anakata roho, kama walivyopanga wazee wengi wa rika lake, na alilisema hilo bila haya. Lakini Ayuma hakuwa hata Mkristo. Mapadre walibadilika, sharti likabaki lilelile: toka kwa Osiako, ubatizwe hata kesho. Jibu lake nalo lilibaki lilelile. Alikuwa na watoto watano na shamba la kulima, na alikuwa na mume ambaye, tuseme ukweli, alimpenda.

Alichoogopa ni kufa hivyohivyo. Jirani yao Muhonja, mke wa tatu wa mzee mwingine, ambaye walikaa naye darasani miaka sita, alikufa kwa tumbo bila kubatizwa. Akazikwa bila padre na bila maji ya baraka, na Mwalimu Sifuna akasimama kando ya ua kama mtu aliyekuwa akijipitia tu. Tangu siku hiyo Ayuma alikuwa na ombi moja tu, asizikwe kama Muhonja.

Palikuwa na mlango mmoja wa nyuma, naye aliujua vizuri. Mtu aliye katika hatari ya kufa anaweza kubatizwa na mtu yeyote, padre akiwa mbali. Mwaka wa tisini na tatu malaria ilimwangusha vibaya, na Navalayo akatuma watu wamwite katekista. Sifuna alikuja mbio kwa baiskeli, chupa ya maji mfukoni, akamkuta mgonjwa ameketi mlangoni anapepeta maharagwe. Sindano ya zahanati ilikuwa imefanya kazi yake.

"Umepona," Sifuna akasema.

"Nimepona, mwalimu," akajibu Ayuma, na siku hiyo nzima alilia. Huenda katika Lugari yote ni yeye peke yake aliyewahi kuililia malaria iliyoondoka.

Mambo yakakaa hivyo hadi Agosti ya mwaka wa tisini na tisa. Ndipo ikaja karatasi. Ilitoka mjini Kakamega, imepigwa fotokopi mara nyingi mno hata uso wa Mama Maria uliokuwa juu yake ukawa doa jeusi. Ilisema kwamba watu watakatifu wa Ulaya walionyeshwa zamani siku tatu za giza, jua litakapokuwa jeusi kama manabii walivyosema, na mishumaa yote ya dukani itakataa kuwaka. Itakayowaka ni ile ya nta ya nyuki iliyobarikiwa, na katika nyumba za wanaosali tu. Watu wajifungie, wazibe madirisha, wasichungulie nje, wala wasimfungulie anayeita hata akiita kwa sauti ya mama yao. Karatasi haikutaja tarehe. Tarehe ilitajwa na redio, iliyotangaza wiki hiyohiyo kwamba Jumatano, tarehe kumi na moja, saa nane mchana, jua lingepatwa. Redio iliongeza kwamba ni huko Ulaya, lakini kipande hicho hakuna aliyekisikiliza.

Jumapili, baada ya ibada, Sifuna aliisoma ile karatasi mbele ya watu kwa sauti yake ya kusomea masomo, na baada ya hapo kigango kizima kikapatwa na shughuli. Waliokuwa na mishumaa iliyobarikiwa mwezi wa pili waliitafuta chini ya vitanda. Wasiokuwa nayo walivuka kijito kwenda kwa Kimutai, Mnandi aliyefuga nyuki, wakambembeleza awape nta. Kimutai alikuwa mtu wa kanisa jingine. Aliwapa nta, akapokea kuku, kisha akauliza kwa upole kama giza hilo lingevuka kijito au lingebaki upande wa Wakatoliki.

Ayuma hakutafuta nta. Jumatatu nzima aliligeuza neno kichwani, na Jumanne asubuhi akaenda nyumbani kwa katekista. Alimkuta anatia tambi kwenye vipande vya nta ambavyo hakuwa na padre wa kuvibariki, na jambo hilo lilimsumbua.

"Mulembe, mwalimu."

"Mulembe, Mama Risper. Umekujia mshumaa?"

"Mshumaa mwenzangu Mama Wangila ako nao. Mimi nimekujia swali. Mtu akiwa karibu kufa na anataka ubatizo, nani anaweza kumbatiza?"

"Hilo si wewe unalijuanga kuniliko?"

"Nijibu tu, mwalimu."

"Mtu yeyote. Bora aweke maji na aseme maneno vile Kanisa inasemanga."

"Sawa. Na kesho saa nane, kwa ile karatasi ulitusomea, ni nani hapa hayuko karibu kufa?"

Sifuna akaweka kisu chini. Alikuwa mtu mwaminifu, aliyeitumikia kazi yake miaka mingi kwa baiskeli yake mwenyewe, na hakupenda kufanya kitu bila ruhusa. Alitafuta tundu katika hoja ile asilione. Tundu lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi aliisoma yeye.

"Padre atanifuta kazi," akasema.

"Padre gani, mwalimu? Hiyo Jumapili yenye padre atakuja, itakuwako?"

Sifuna akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha kazi, akaweka kidole kwenye mstari. Mtu mzima, alisoma, lazima aijue imani, aitake mwenyewe, na aahidi kushika amri akipona.

"Basi soma mpaka mwisho," akasema Ayuma. "Hayo yote niko tayari."

Alibatizwa saa tisa alasiri katika kanisa lao, ambalo zamani lilikuwa ghala la mahindi la yule mzungu. Maji yalitoka kwenye tangi, kwa sufuria. Mama wa ubatizo alikuwa Navalayo. Waliotazama mambo kwa nje walipenda kufikiri kwamba wake wale wawili walikuwa wakitafunana, lakini ukweli ni kwamba walizaliana watoto mikononi, wakalimiana mashamba, na wakamcheka Osiako pamoja alipokuwa hayupo. Navalayo ndiye aliyeweka mkono begani mwa Ayuma, na ndiye aliyemchagulia jina, Skolastika, kwa sababu, alisema, hakuna mtu aliyesoma kama yeye.

"Unaahidi," Sifuna akasoma, "ukipona, kuishi kwa kufuata amri za Mungu na za Kanisa lake?"

"Naahidi," Ayuma akajibu haraka, maana alikuwa na haraka kweli.

Maji yalikuwa baridi, yakamwingia hadi mgongoni. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na Navalayo akamshikia taulo.

Jumatano, watoto wakiwa kwenye nyumba zao, walijifungia wote watatu katika nyumba ya Navalayo, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mbolea. Osiako alikuja kwa sababu wake zake wote walikuwa humo na hakukuwa na wa kumpikia kwingine. Mshumaa ukawashwa. Saa nane ikafika, na kweli kukaanza kuwa giza, kama kunavyokuwa giza Lugari karibu kila alasiri ya Agosti mawingu yakipanda kutoka upande wa msitu. Radi ikapiga. Navalayo akaanza rozari kwa sauti kubwa, na hata Osiako akasikika akiitikia, sehemu alizozikumbuka. Mvua ikanyesha saa moja na nusu. Kisha mwanga ukaanza kupenya kwenye kitundu cha gunia, mwembamba, wa njano, ukatua kwenye goti la Osiako, na wote watatu wakautazama.

Walivumilia hadi Alhamisi asubuhi. Ng'ombe alikuwa akilia, kiwele kimejaa, na karatasi haikusema lolote juu ya ng'ombe. Osiako akasimama, akasema kwamba kama huyo ni shetani anayeigiza sauti ya ng'ombe basi ameiga vizuri, akafungua mlango. Nje palikuwa na jua jingi. Ng'ambo ya kijito Kimutai alikuwa akitengeneza ua wake, akawapungia mkono.

Watu waliona aibu siku mbili, kisha wakaanza kuchekana, na mambo yakawa yameisha. Ambaye hayakumwishia alikuwa Ayuma. Ijumaa alikuwa shambani akikata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, anaimba moyoni jina lake jipya, ndipo mkono ukasimama na panga hewani. Alikuwa ameahidi. Akipona, alisema, atashika amri za Mungu na za Kanisa. Na sasa hapa alipo, mzima wa afya, nepia mkononi, amepona yeye na dunia yote. Aliketi chini kwenye majani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekataa kulipa gharama ile ya kumwacha mumewe, na siku moja ya hofu akaipokea kwa neno moja kwa sababu alidhani hataitwa kuilipa. Alijiona mjanja aliyemwibia Mungu, na alihisi vibaya sana.

Jioni alimwambia Osiako. Mzee alicheka kwanza, halafu alipoona mwenzake hacheki akakasirika.

"Hiyo ilikuwa maneno ya kuogopa, Mama Risper. Hata mimi nilisali hapo ndani. Sasa nianze kuvaa kanzu?"

"Wewe hukuulizwa swali. Mimi niliulizwa."

"Na mimi je? Niliulizwa?"

Usiku huo ulikuwa wa Osiako kulala kwake, naye Ayuma akamtandikia kitanda, yeye mwenyewe akalala jikoni.

Jumamosi Mwalimu Sifuna alikuja bila kuitwa. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema padre anakuja kesho kwa sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, na kwamba yeye mwenyewe amelala akiwaza. Kwenye daftari la ubatizo jina la Ayuma liko peke yake kwenye ukurasa mpya. Ukurasa mmoja tu. Waliokuwepo ni watatu, na Mama Wangila si mtu wa kusema.

"Unataka kuutoa?" Ayuma akauliza.

"Huo ukurasa ukitoka, hakuna ahadi. Unarudi kwa nyumba yako vile ulikuwanga, na mimi ninarudi kwa kazi yangu. Hata huyo mzee atafurahi."

Ayuma alimwonea huruma. Alijionea huruma pia, maana lile jambo lilimvuta sana. Angeamka kesho na kila kitu kikiwa mahali pake, mume ndani ya nyumba, na Pasaka angeshika taulo. Aliona pia kaburi la Muhonja, na Sifuna kando ya ua.

"Usitoe, mwalimu," akasema. "Karatasi ingine hivi nitangoja mpaka lini?"

Padre Were alikuwa kijana, mwenye maneno machache na pikipiki iliyojaa tope. Misa ilipokwisha alisikiliza habari yote ndani ya chumba kidogo cha vifaa vya ibada, amesimama, kwa mdomo wa Sifuna mwenyewe. Akamwambia katekista kwamba Kanisa halimlazimishi mtu kuamini maono ya watu binafsi, hata wakiwa watakatifu, kwamba siku ya mwisho haina tarehe inayojulikana na yeyote, na kwamba wiki ijayo afike parokiani waongee. Kisha akamgeukia Ayuma.

"Mama, ulitaka kubatizwa?"

"Miaka kumi na tisa, padre."

"Na maji yalimwagwa, na maneno yalisemwa. Basi umebatizwa. Hakuna mtu wa kuufuta huo ubatizo, hata mimi, hata askofu. Hiyo ahadi sasa. Nikuulize, ulipoitoa ulikuwa unaimaanisha?"

Ayuma aliona kwamba padre alikuwa anamfungulia mlango. Angesema tu kwamba alikuwa na hofu. Angebaki na jina lake na nyumba yake, akae bila kukomunika kama mumewe, na mwisho apewe maji ya baraka. Watu wengi waliishi hivyo na hakuna aliyewacheka.

"Sikuimaanisha," akasema. "Nilijua hatutapona. Ndiyo maana nataka kuimaanisha sasa."

Huenda Padre Were hakuwa ametarajia hilo katika chumba kile. Akamwambia basi awe na paa lake mwenyewe, mahali ambapo mzee haingii, na Krismasi ikifika akiwa hivyo, atapokea komunyo.

Osiako alinyamaza siku nne. Alikula kwa Navalayo, akapita mlangoni kwa Ayuma bila kugeuza shingo. Kijana wa kwanza wa Navalayo, Wangila, alijitolea kumjengea mama yake mdogo chumba kimoja huko chini karibu na kijito, akaleta na jembe. Hapo ndipo mzee alipofungua mdomo. Kwao nguzo ya kwanza ya nyumba ya mwanamke husimamishwa na mumewe, na mwingine akiisimamisha mume angali hai ni kama kumzika.

"Weka hiyo jembe chini," alimwambia Wangila. "Nyumba ya bibi yangu itajengwa na mtu mwingine na mimi niko hai?"

Akaijenga. Alikuwa na miaka sitini na minane na magoti yasiyofaa. Alikata mikaratusi yake mwenyewe, akachimba shimo la kwanza, akasimamisha nguzo, akaishindilia udongo kwa kisigino. Wana walimsaidia zilizobaki. Ayuma na Navalayo walikanda udongo na kukandika kuta, na katika kazi hiyo yote hakuna aliyeimba. Mara moja Osiako aliuliza mlango utazame wapi. Ayuma akasema utazame juu, kwenu. Akaukata hapo.

Mwishoni mwa Septemba, mahindi yakiwa yameanza kukauka, Ayuma alihamia. Navalayo alimbebea godoro kichwani mpaka chini, akalitandika, akakaa juu yake na kulia, akasema ni yeye wa kwanza kuolewa na ni yeye sasa atakayemvumilia yule mzee siku saba za wiki. Wakacheka kidogo. Kisha akapanda kurudi kwake.

Jioni hiyo Ayuma alisonga obusuma, ugali wa kwao, kwa mkono uliozoea, na alipoupakua aligundua kwamba alikuwa amepika wa watu wawili. Alikuwa bado anautazama aliposikia hatua, anazozijua, zikishuka kati ya mahindi. Zilikuja mpaka mlangoni zikakoma. Kwa miaka ishirini na mitano Osiako aliingia kwake akiwa ameshaanza kuongea, akiuliza chakula kiko wapi.

"Hodi," Osiako akasema nje.

Ayuma alifungua mdomo. Neno la kujibu hodi ni moja tu, na mtoto mdogo analijua. Alilisikia likipanda hadi kooni, akalizuia hapo. Alichukua sahani mbili, akainama, akatoka nje, akaketi chini ukutani. Osiako akaketi upande wa pili wa mlango, polepole kwa sababu ya magoti, wakala.